Ngazi kumi na nne: shajara ya kikundi chetu cha maigizo, Mwanza

Wiki ya 1

Kazi ya kwanza ya katibu mpya ni kuhesabu, basi nimehesabu. Daftari la mahudhurio lina majina 23: wanaume 16, wanawake 7, na katika hao 7 watatu hawajaonekana mazoezini tangu mvua za vuli. Aliyevuka miaka 50 ni mmoja tu, mzee wetu wa ngoma, na nadhani tunamvumilia kwa kuwa ngoma ni zake. Mwenye ulemavu hayupo hata wa dawa.

Halafu nikahesabu ngazi. Kutoka barabarani hadi mlango wa ukumbi tunaopanga ziko 14, nyingine za saruji, nyingine zimechongwa kwenye mwamba wenyewe, maana hapa Mabatini nyumba ndiyo huomba nafasi kwa jiwe. Miaka tisa nazipanda, na leo ndiyo mara ya kwanza kujua idadi yake.

Kilichotufikisha kwenye kuhesabu ni onyesho la mwezi uliopita. Tulikuwa na igizo la kupinga mauaji ya watu wenye ualbino. Mtu wa Kanda ya Ziwa hana haja ya kusimuliwa hilo. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 huku kwetu wapo waliozika ndugu zao kisha wakamwaga zege juu ya kaburi ili lisifukuliwe. Nia yetu ilikuwa njema. Lakini uhusika mkuu tulimpa kijana wetu mmoja mweusi tii, tukampaka unga wa ngano usoni na mikononi. Alipoingia jukwaani watu wakacheka. Sisi tulitaka walie.

Mwishoni mwongozaji akauliza kama kuna mwenye swali. Akasimama binti mmoja mwenye kofia pana na miwani.

"Mimi nakaa mtaa wa tatu kutoka hapa," akasema. "Mlishindwa kunigongea mlango, mkaona rahisi kwenda dukani kununua unga?"

Hakuna aliyejibu. Mimi niliyeupima huo unga nilikuwa nimekaa mstari wa pili, nikainama kutafuta kalamu ambayo haikuwa imeanguka.

Wiki ya 2

Kikao kirefu, chai mbili. Hoja iliyorudiwa zaidi ni hii: mlango wetu uko wazi, nani kamkataza mtu? Kweli, hatujamkataza mtu. Aliyeisema hoja hiyo kwa sauti kubwa kuliko wote ni mwigizaji wetu nyota, na sina ugomvi naye. Mwaka jana ningesema hivyo hivyo.

Aliyegeuza kikao ni mzee wa ngoma. Yeye ni wa Kwimba, na Kwimba ndiko kiliko kijiji cha Malya, ambako mwaka 1982 na 1983 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walikwenda kufanya kazi na wanakijiji. Hawakwenda na igizo kwenye begi. Wanakijiji wenyewe ndio waliotaja lililokuwa likiwasumbua, hasa mimba za wanafunzi na vijana kukaa bila kazi, na igizo likajengwa kwa ngoma na masimulizi ya hapo hapo. Kila mtu aliyewahi kufundishwa maigizo shirikishi nchini ameisikia Malya. Sisi tumeisikia pia, kwenye semina, na tukaandika kwenye daftari.

Kisha mzee akaleta mfano wa kwao. Katika mashindano ya ngoma ya Wasukuma, kati ya vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Watu hupiga kura kwa miguu. "Sasa," akauliza, "ambaye miguu yake haimfikishi uwanjani, kura yake mnaihesabuje?"

Tumekubaliana msimu huu hatuanzi na igizo. Tunaanza na kutembea.

Wiki ya 3

Tumetembea siku nne, wawili wawili. Swali tulilokuwa nalo mwanzo lilikuwa "Ungependa kujiunga nasi?" na majibu yake yalikuwa ya adabu na hayana faida: ndiyo, Mungu akipenda. Siku ya pili tukabadilisha tukawa tunauliza, "Ni nini kinachokuzuia?" Hapo daftari likajaa.

Mama lishe wa stendi: mazoezi yenu ni saa 11 jioni, na saa 11 mimi nakoleza moto. Nikija, wanangu watakula igizo?

Mama mwingine, Msabato: mnafanya mazoezi makubwa Jumamosi. Huku kwetu Wasabato ni wengi, na mimi katibu miaka yote hiyo sijawahi kujiuliza kwa nini kikundi hakina hata mmoja.

Vijana wawili viziwi, mafundi seremala, waliandika kwenye kipande cha mbao kwa penseli: tulikuja mara moja. Hamkutuona.

Kijana fundi simu anayetumia kitimwendo hakuuliza ngazi wala jukwaa. Aliuliza choo kikoje. Tuliangaliana. "Nikija nikakaa saa tatu," akasema, "hizo saa tatu nazibana au?" Nimeandika neno CHOO kwa herufi kubwa, nikalizungushia duara.

Na bibi mmoja wa Igogo alitufukuza, kwa haki kabisa. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Shida yenu ni picha yangu ya kupeleka kwa wafadhili. Mmeshapiga za wenzangu." Ripoti yetu ya mwaka jana ina picha 11, na katika hizo 6 ni za watu waliokuja kutazama mara moja tu, wakaandikwa "wanufaika". Ripoti niliichapa mimi.

Wiki ya 4

Binti wa kofia amekubali kuja, kwa masharti. Sharti la kwanza: hachezi mtu anayeuawa, hachezi mtu anayefichwa, hachezi mtu anayehurumiwa. La pili: mazoezi yasiwe juani. La tatu: karatasi yake ichapwe kwa herufi kubwa, kwa sababu wengi wenye ualbino wana uoni hafifu na miwani haimalizi tatizo.

Mwongozaji akamuuliza, sasa unataka kucheza nini? Akajibu bila kufikiri, kana kwamba jibu alilala nalo: "Mama mwenye nyumba. Yule anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo na hataki kusikia habari ya mtu."

Tumepata igizo. Mji mzima huu nani hajadaiwa kodi ya miezi sita?

Wiki ya 5

Ratiba imekuwa ngumu kuliko nilivyodhani. Jumamosi tumeiondoa. Saa 11 jioni tumeiondoa. Jumapili saa 9 alasiri imewafaa wanawake wengi, lakini vijana wa bodaboda wanasema hiyo ndiyo saa ya abiria wanaotoka kutembelea ndugu. Mwisho tumegawanya: makundi mawili madogo yanayofanya mazoezi siku tofauti, na siku moja ya pamoja, Jumapili. Waislamu tumeshakubaliana kwamba Magharibi ikifika tunasimama wote, si wao peke yao kuchepuka huku wengine wakiendelea na tendo lao.

Watoto ndiyo kasheshe. Tuliwaambia akina mama waje nao, wakaja nao, kumi na moja. Ilibidi tuweke zamu ya kuwaangalia, na zamu hiyo inawahusu wote. Jumapili iliyopita aliyekuwa zamu ni mwigizaji wetu nyota. Alikaa nao saa mbili nje na akarudi bila kiatu kimoja. Hakusema neno, ila katika kikao cha baadaye hakurudia tena kwamba mlango uko wazi.

Wiki ya 6

Ukumbi wa ngazi 14 tumeuacha. Tumepata ua wa ghala moja karibu na mwalo wa wavuvi, sakafu tambarare, malipo yetu ni kufagia. Harufu ya dagaa ni ya bure.

Fundi alitutengenezea jukwaa la mbao lenye kimo cha sentimita 60, na ubao wa kupandishia kitimwendo wenye urefu wa mita mbili. Fundi simu akajaribu. Kupanda, alisukumwa na watu watatu. Kushuka, alishuka kama gunia la mkaa na tukamdakia chini. Alicheka yeye, sisi hatukucheka.

Nikaenda kuuliza kwa fundi majengo anayejua mambo hayo. Kanuni inayotumiwa ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita moja ya kimo inataka sentimita 12 za mteremko. Kwa jukwaa letu la sentimita 60 ni mita 7 na sentimita 20 za mbao. Nikapiga hesabu ya mbao, nikaifuta.

Tukiwa tumekaa tunakuna vichwa, mzee wa ngoma akauliza swali la kitoto: "Hivi kwa nini mnapanda?"

Akatukumbusha wigashe. Ni ngoma ya Kisukuma inayochezwa kwa kuketi. Jina lenyewe latoka kwenye neno la kuketi. Vijana hukaa chini, na kazi yote inafanywa na kifua, mabega, mikono na sauti. Hakuna anayemzidi mwenzake kimo. Akakaa chini pale pale, akaonyesha, na fundi simu kwenye kiti chake akaanza kumfuata mabega. Dakika tano tu. Kisha wengine wakakaa.

Mbao za jukwaa tumezifanya mabenchi. Tunacheza chini, watu wametuzunguka, kama ngoma zilivyochezwa siku zote kabla hatujasomea kupanda. Sasa wigashe ndiyo inayofungua igizo: wapangaji wamekaa kwenye korido ya nyumba ya kupanga, wanasubiri maji ya bomba, wanaimba kero zao kwa mabega. Kijana wa kitimwendo ndiye anayeanzisha wimbo. Sehemu hiyo haikuandikwa kwa ajili yake, na laiti tungeiandika, tungeiharibu.

Wiki ya 7

Mvua. Hakuna mazoezi. Turubai limechanika.

Wiki ya 8

Hii ni ya mafundi seremala wetu wawili, na nitaandika kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo tulipokosea kwa kujiamini.

Tulitafuta mkalimani wa lugha ya alama, tukampata, tukamsimamisha pembeni kulia. Tukajipongeza. Baada ya nusu saa mmoja wa wale vijana akanyoosha mkono, mkalimani akatutafsiria: "Nikimtazama mkalimani, simwoni mwigizaji. Nikimtazama mwigizaji, sijui anasema nini. Shingo yangu inauma kama natazama mpira wa meza."

Tukamsogeza mkalimani katikati, sasa akawa anawaziba wengine. Tukamweka nyuma ya mwigizaji, mwigizaji akigeuka anamgonga. Siku mbili tulihangaika hivyo. Aliyelifungua fundo ni mkalimani mwenyewe: alisema amechoka kuwa nguzo, apewe uhusika. Basi sasa ni jirani mmbea. Kila wapangaji wanapogombana yeye yuko dirishani, anayapeleka maneno kwa mtu wa nyumba ya pili kwa mikono. Kila mtaa una mtu huyo. Watazamaji wasio viziwi wataona umbea. Viziwi watapata igizo zima.

Na mtu wa nyumba ya pili ni yule fundi seremala mdogo. Yeye hajibu kwa kupokea tu, anaongeza chumvi. Kuna mahali anajibu kwa alama jambo ambalo mkalimani anakataa kulitafsiri, na mpaka leo hatujui ni nini. Wenzake wakija wanalala kwa kicheko. Nimeuliza mara mbili. Nimeamua kichekesho hicho si cha kwetu, na hakuna ubaya: miaka yote wao ndio waliokaa kwenye vicheko wasivyovielewa.

Mambo madogo tuliyojifunza wiki hii. Ukiongea na kiziwi kupitia mkalimani, mtazame yeye, si mkalimani. Usimwite kwa kupiga kelele nyuma yake. Gusa bega au zima na uwashe taa. Ngoma wanaisikia kwa mwili: sakafu ya saruji haipitishi mtikisiko, kwa hiyo wanaweka kiganja ubavuni mwa ngoma ya mzee, naye anaona fahari. Na neno lenyewe ni kiziwi. Sisi tulikuwa tunazunguka zunguka na "mwenye changamoto ya kusikia", wao wakatuambia tuache kupoteza pumzi.

Wiki ya 9

Tumebadilisha na ishara ya kusimamisha igizo.

Kwa asiyejua: tunatumia namna aliyoianzisha Augusto Boal wa Brazil miaka ya 1970. Igizo linafika penye kigugumizi, mtazamaji anasimamisha, anaingia uwanjani, anachukua nafasi ya mhusika na kujaribu njia yake. Inasemwa ilizaliwa Peru, pale mama mmoja alipokuwa akiwaelekeza waigizaji kutoka alikokaa, hawamwelewi, Boal akamwambia basi njoo ufanye mwenyewe. Kwetu ishara ilikuwa kupiga kelele "Simama!" Kiziwi hawezi kuisikia, na mwanamke wa huku mbele ya wakwe na majirani hawezi kuipiga. Nilipopekua daftari la msimu uliopita nikakuta katika watu 31 walioingia uwanjani wanawake walikuwa 4.

Sasa kila mtu anayekaa anapewa au anakuja na kitambaa. Ukitaka kusimamisha, unainua kitambaa au kanga juu. Kuinua kanga hakuhitaji ujasiri wa kupayuka.

Wiki ya 10

Ugomvi. Si wa walemavu, ni wa lafudhi.

Katika vichekesho vyetu vyote yupo mtu wa kuja, amebeba kapu, anaongea Kiswahili chenye Kisukuma kizito, anashangaa kila kitu. Akifungua mdomo tu watu wamekwisha. Ndiye mtaji wetu, akizaa matunda tangu kikundi kilipoanza. Safari hii mama mmoja mgeni katika kikundi, wa kutoka Magu, aliangalia mazoezi akauliza kwa upole, "Huyu anayechekwa ni mimi?"

Mwigizaji wa nafasi hiyo ni Msukuma mwenyewe, akasema najicheka mwenyewe, kosa liko wapi? Hoja yake ina uzito na sikuweza kuijibu hapo. Lakini nilitazama nani huja kututazama pale uwanjani na nani hubaki mbali akiwa na mzigo wake kichwani, nikaona kwamba wale wa mzigo ndio tunaowacheka.

Tumemwondoa mtu wa kapu. Tumepoteza kicheko rahisi kuliko vyote, na sijifanyi kwamba haikuuma.

Badala yake Kisukuma kimepewa mama mwenye nyumba. Akikasirika anaacha Kiswahili, anatukana kodi kwa Kisukuma kilichonyooka, na wazee wanainuka vitini. Hapo wenzetu Wakerewe, Wahaya na Mkurya wetu mmoja wakauliza, na sisi je? Swali la haki. Nikawapa mfano wa Kamiriithu kule Limuru, Kenya, ambako mwaka 1977 wanakijiji walijenga ukumbi wao wa wazi na kuigiza kwa Kikikuyu igizo la Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, likawafikia watu ambao Kiingereza hakikuwahi kuwafikia, mpaka serikali ikafuta kibali. Mkurya wetu akasema, "Sawa katibu, lakini kule wote walikuwa Wakikuyu. Mwanza si kijiji." Ana haki. Tumekubaliana kwamba kila maneno ya Kisukuma lazima yafuatwe na mpangaji anayeuliza kwa Kiswahili "Amesema nini?" na kujibiwa. Ni kiraka, lakini kinashika.

Wiki ya 11

Fedha. Tulipoingia kwenye fedha ndipo nilipojua nani alikuwa amekubali mabadiliko na nani alikuwa akituvumilia.

Mgawo wetu wa zamani: malipo ya onyesho yakiingia, mwongozaji mafungu matatu, waigizaji wakuu mawili mawili, wengine moja moja, na wanaoshona maleba na kupika wanaambiwa asante. Wanaoambiwa asante wote ni wanawake. Mgawo mpya niliopendekeza: gharama za kumwezesha mtu afike zitolewe kwanza, kabla hatujagawana. Bajaji ya kitimwendo, mkalimani, losheni ya kuzuia jua. Kinachobaki, fungu moja kwa kila aliyefanya kazi, pamoja na jiko na sindano.

Mmoja akasema huo ni upendeleo: mimi nauli yangu ya daladala sirudishiwi, yeye analipiwa bajaji. Tuwe sawa.

Mzee wa ngoma alikuwa anakaza ngozi. Hakuinua kichwa. "Mvuvi akisema kila mtoto samaki mmoja," akasema, "aliyepata dagaa na aliyepata sangara wote wamepata mmoja. Kalale nao njaa hao walio sawa."

Kura: 19 ndiyo, 6 hapana. Wawili wameondoka katika kikundi, mmoja wao mwigizaji mzuri sana. Naandika hili kwa sababu ripoti za miradi hazimwandikagi anayeondoka.

Kuhusu losheni: tumepata ile ya Kilisun, inayotengenezwa hospitali ya KCMC kule Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino. Binti wa kofia ametufundisha kwamba kuipaka mara moja asubuhi haitoshi, na kwamba kofia ya chapeo inayoacha masikio wazi ni pambo tu. Masikio na midomo ndiko jua linakoanzia.

Wiki ya 12

Kupanga saa ya onyesho kumetaka hesabu za kinajimu. Jua kali halimfai mama mwenye nyumba. Giza haliwafai viziwi. Wavuvi wa dagaa hulala mchana na kuvua usiku, isipokuwa mwezi ukiwa mpevu, kwa sababu taa zao hazivuti dagaa mbele ya mbalamwezi. Siku hizo wako nchi kavu, hawana kazi na wanatafuta cha kutazama. Kwa hiyo: Jumapili ya mwezi mpevu, saa 10 jioni, chini ya turubai lililoshonwa. Tumalize kabla ya Magharibi.

Kibali cha kata kimepatikana.

Wiki ya 13

Tumecheza.

Walikuja watu wengi kuliko mabenchi. Mstari wa mbele tuliutenga kwa wenye vitimwendo, viziwi na wasioona vizuri, na tukaweka mtu wa kuulinda, kwa sababu watoto wa mwalo hawajui mstari uliotengwa ni nini. Wasioona walikuwa wanne. Tuliwaleta dakika kumi mapema wakapita uwanjani, wakagusa ndoo, mlango, maleba, na kila mwigizaji akasema jina la mhusika wake kwa sauti atakayoitumia. Wazo hilo lilitoka kwao. Lilitugharimu dakika kumi tu.

Wigashe ilifungua. Kijana wa kitimwendo alipoanzisha, wanawake wa nyuma wakaitikia bila kuombwa.

Kisha akaingia mama mwenye nyumba, kofia kubwa, kanga kiunoni, daftari la wadaiwa mkononi. Nilikuwa nimekaa na tumbo likiniuma, nikikumbuka kile kicheko cha unga. Kulikuwa kimya sekunde mbili tatu. Kuna kijana akanong'ona neno, si neno zuri. Naye, akiwa bado ndani ya uhusika, akageuka polepole, akafungua daftari, akalamba kidole, akamwuliza, "Wewe ndiye wa chumba cha uani? Mwezi wa ngapi huu?"

Ukumbi usio na kuta ulipasuka. Yule kijana alicheka mpaka akaficha uso kwenye shati. Kutoka hapo hakuna aliyemwona kama kitu kingine zaidi ya mama mwenye nyumba, na walimchukia vizuri sana.

Kanga zilizoinuliwa: 14. Wanawake 9. Mmoja alikuwa yule bibi wa Igogo aliyetufukuza. Sijui nani alimwambia. Aliingia akachukua nafasi ya mpangaji mjane, na hakulia wala hakuomba. Aliketi chini mlangoni, akafungua kibuyu cha tumbaku, akasema kwa Kisukuma kwamba ana muda. Mpangaji akauliza "Amesema nini?" kama tulivyopanga. Bibi akamjibu yeye mwenyewe kwa Kiswahili: "Nimesema naishi hapa."

Kiziwi mmoja, si wa kikundi, aliinua kitambaa, akaingia na kudai kupitia jirani mmbea aandikiwe risiti ya kila alicholipa. Mvuvi mmoja akapiga kelele kwamba hata yeye hana risiti. Hapo igizo likageuka mkutano na hatukuweza tena kulirudisha. Mwongozaji alinitazama, nikainua mabega. Tukaacha.

Picha hatukupiga. Bibi aliuliza mara mbili kama tumepiga.

Wiki ya 14

Tathmini, chai moja.

Fedha ya mkalimani inatosha maonyesho mawili, si zaidi. Wanakikundi saba wameanza kujifunza lugha ya alama kwa mafundi seremala, Alhamisi, na walimu hao wanalipwa fungu. Mwigizaji wetu nyota ndiye mzito kuliko wote, mikono yake inapiga kelele.

Tuko 29 kwenye daftari. Wanawake 14. Wenye ulemavu 5, na mmoja wao, binti wa kofia, amechaguliwa kuongoza igizo lijalo. Alikataa kwanza, akisema tusimpe cheo cha kupigia picha. Tukapiga kura ya siri, akashinda.

Kati ya mambo yote niliyoyaandika wiki ya 3, moja halijaguswa. Siku ya onyesho kijana wa kitimwendo alikunywa maji mara ya mwisho saa 2 asubuhi, ameniambia jana kwa utani, na mimi nikafungua ukurasa wenye lile neno lililozungushiwa duara. Mlango wa choo cha ua wa ghala una upana wa sentimita 61. Kiti chake kina 66.

Jumatatu: kuongea na mwenye ghala kuhusu kubomoa fremu. Jumanne: fundi aje na futi, apime yeye mwenyewe kijana akiwepo. Mlango uwe sentimita 90, ufunguke kwa nje, na chuma cha kushikilia ukutani.